Mtani Juu ya Jeneza

Tulimwacha Praxeda ndani ya jeneza, mikono kifuani na kitambaa cheupe kichwani, akiwa mzima kama wewe unayesoma. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Na nje ya kifuniko hicho ilikuwa imesikika sauti ambayo hakutarajia kuisikia mahali hapo.

"Nani amefariki hapa?"

Sauti ya Hosea. Mume wake!

Yule yule Hosea, mzee wa kanisa kule Mwera, aliyemuaga mkewe kwa amani akijua anakwenda Mkwaja kumuuguza dada yake. Yule yule aliyetamka mbele ya washenga, kabla hata posa haijapokelewa, kwamba mke wake hatasimama mbele ya watu kujifanya mtu asiye yeye.

"Kuigiza ni kusema uongo kwa mwili mzima," alisema siku ile. Neno hilo likawa sheria ya nyumba.

Kama ndiyo kwanza unaingia katika hadithi hii leo, usihangaike, vuta kiti. Praxeda ana miaka hamsini na tisa. Tangu utoto wake kwenye kambi ya mkonge, alipoigiza siku ya Krismasi na baba yake akamshusha jukwaani kwa kumvuta sikio, hakuna kitu alichokitamani kama kuigiza. Alikitamani akiwa mwali, akiwa mama, na sasa akiwa bibi. Mwezi uliopita mwongozaji wa filamu kutoka Tanga mjini, kijana aitwaye Yakoub, alimkuta sokoni Pangani akisimulia ugomvi wa majirani, akimwiga kila mmoja kwa sauti yake, mpaka wauza samaki wakasahau wateja. Hapo hapo akampa nafasi ya Mama Salome, ambaye ndiye filamu nzima.

Lakini filamu haipigwi kwa mpangilio wa maisha. Mama Salome anazikwa leo, ataanza kuishi Jumatatu. Ndiyo maana Praxeda, siku yake ya kwanza kazini, alikuwa maiti.

"Mama, ukiiweza maiti hii, nakupa na uhai wote uliobaki," Yakoub alimwambia asubuhi. "Picha ni moja, haikatwi. Tunatoa jeneza ndani, tunaliweka uani, tunafungua, watu wanakuaga, tunafunga. Ukitikisika tu, tumekwisha. Nafasi yako nitampa Devota."

Na Devota, mwigizaji wa Tanga aliyepewa nafasi ya mdogo wa marehemu, alicheka kwa meno yote. Alikuwa anaisubiri siku hiyo. Tena alikuwa na siri mkononi: jana yake alimsikia Praxeda akimdanganya mumewe kwenye simu, eti dada anaendelea vizuri, amekunywa uji.

Sasa Hosea alifikaje Bweni, hapa kando ya mto tulipokuwa tunapiga filamu? Kwa njia ya kawaida kabisa, na hicho ndicho kilichouma. Alikuwa anakwenda Pangani mjini kupima presha. Pantoni ya kuvukia mto ilikuwa ng'ambo. Akiwa anaisubiri, alisikia vilio vya wanawake kwenye minazi. Mtu wa huku hapiti msibani kama anayepita dukani. Akamwambia wa bodaboda, "Nisubiri hapo," akaenda.

Hakuwa peke yake. Yakoub alikuwa amemwarifu mwenyekiti wa kitongoji kwamba kutapigwa filamu. Habari hiyo iliwafikia wachache. Kilio kiliwafikia wote. Watu wa Bweni walikuja na misala ya kukalia, wakaja na maji, wakaja na pole zao. Bi Mwanakhamis, Mpemba mwenye genge la viungo karibu na gati, alikuwa ameshafika na sufuria na kuni, ameinjika wali wa msiba bila kumuuliza mtu, na machozi yanamtoka huku anachochea.

"Maskini Salome," alisema. Hakuwahi kumwona Salome maishani mwake.

Yakoub aliona umati wa bure umekuja wenyewe, akaushukuru. Hakumwambia mtu neno.

"Nimeuliza, nani amefariki?" Hosea alirudia.

"Dada yangu, Mama Salome," Devota alijibu kwa kwikwi.

"Poleni sana. Wa wapi?"

"Wa Mkwaja, mzee."

"Mkwaja? Mke wangu yuko Mkwaja hivi ninavyozungumza nawe! Mbona hajanipigia?"

Jasho lilimtoka Praxeda ndani ya sanda. Alibana pumzi.

"Labda hana vocha," Devota alisema, na Praxeda akaisikia ile sumu ndani ya sauti yake. "Mzee unatoka wapi?"

"Mwera. Mimi ni Hosea, mzee wa kanisa pale."

"Aa!" Devota alisema. Alikuwa kama paka aliyeona mlango wa jiko uko wazi.

"Na marehemu kabila gani?" Hosea aliuliza.

"Mzigua. Wa baba na mama."

Kimya kikaingia. Praxeda alikijua kimya hicho. Alikifahamu kuliko alivyofahamu sala zake. Ee Mungu, aliomba, si leo.

"WAZIGUA!" Hosea aliguruma. "Simameni hapo hapo mlipo! Haendi mtu makaburini! Mtani wenu amefika!"

Sasa sikia. Hosea ni Mnyamwezi, wazee wake waliletwa pwani kukata mkonge. Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Na mtani akifika msibani ana haki zake: atamtukana marehemu, atamwiga, atazuia maziko mpaka apewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kanisani Hosea hakuwahi kupandisha hata nyusi. Lakini mpe msiba wa Mzigua, utaona mtu mwingine kabisa amevaa koti lake.

Praxeda alimwona mara nyingi akiigiza hivyo, akiruka, akilia, akiwa kipofu, akiwa mlevi, watu wakivunjika mbavu. Alipomuuliza kwa nini yeye anaruhusiwa, alijibiwa kwa mkato. "Hiyo ni mila. Si maigizo."

Karibu na kichwa cha jeneza Praxeda alisikia mnong'ono. Alikuwa Yakoub, amechuchumaa pamoja na Nasra, mpiga picha wake.

"Huyu ndiye," Yakoub alinong'ona kwa furaha. "Ndiye mzee aliyetumwa."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Ndani ya filamu mlikuwamo na mtani. Mzee Masoud wa Muheza ndiye aliyepangiwa, lakini asubuhi alipiga simu, koo limemkauka, atamtuma mwenzake ambaye Yakoub hajawahi kumwona. Basi mzee amekuja, Mnyamwezi, amesimama pale pale panapotakiwa. Nani angeuliza zaidi?

"Hajavaa nguo tulizopanga," Nasra alinong'ona.

"Mwache! Huyu anajua kazi. Mfuate, usimwachie hata kidogo."

Jeneza likatikisika. Mbao zikalia. Uzito mkubwa ukashuka juu ya kifuniko, sawasawa na kifua cha Praxeda.

Hosea alikuwa amelikalia.

"Babu zangu," alianza, "walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka hapa mtoni. Walipofika kwenu, Wazigua, wana kiu, mkawauzia maji! Mkawauzia maji ya Mungu! Basi leo mjukuu wao amekuja kupumzisha mabega. Nimepata kiti kizuri. Hakizungumzi, hakinipandishii bei."

Umati ulilipuka kwa kicheko. Hata waliokuwa wanalia walicheka na machozi yao.

"Sitoki hapa mpaka nipewe jogoo! Tena jogoo wa kweli, si mtetea aliyezeeka mkamvisha kilemba!"

"Mzee shuka, jua kali!" mtu alimtania.

"Kali? Ngoja nivue koti."

Akalivua. Akalitupa juu ya kichwa cha jeneza.

Giza.

Seremala aliyelitengeneza jeneza alikuwa ametoboa matundu ya hewa upande wa kichwa, chini ya shada la maua. Koti la Hosea liliangukia hapo hapo, likayafunika yote. Praxeda alilijua koti hilo kwa harufu. Lilinukia karafuu, ambazo yeye mwenyewe ndiye huzitia mfukoni ili nondo wasile kitambaa.

Alivuta pumzi. Ikaja nusu. Akavuta tena, ikaja robo na harufu ya karafuu.

Yakoub alikuwa amemwambia, "Ukizidiwa, mama, gonga. Devota atakuwa hapo kichwani, atanipa ishara." Basi akagonga. Kidole kimoja, taratibu, kwenye ubao.

Pindo la koti lilinyanyuka kidogo. Mdomo wa Devota ulikuja mpaka kwenye tundu.

"Mumeo huyo, siyo?" ulinong'ona. "Gonga basi kwa nguvu, mama yangu. Akufungulie yeye."

Pindo likashuka. Na Devota akaangua kilio kikubwa, "Dada yanguuu!" kiasi kwamba hata jeneza lingepiga kelele lisingesikika.

Praxeda alikuwa amebanwa, na alibanwa kila upande. Akigonga kwa nguvu, kifuniko kitafunguliwa na Hosea atamwona. Nyumba imekwisha, na filamu imekwisha. Asipogonga, hewa itakwisha. Praxeda alikunja vidole vyake. Miaka yote hii, alijiambia. Miaka yote hii nasubiri kuitwa, nimeitwa leo, nimewekwa kwenye sanduku, na aliyekaa juu ya sanduku ni yule yule.

Hasira ilimpanda mpaka macho yakawasha. Lakini hakugonga.

"Sasa," Hosea alisema pale juu, "niwaonyeshe marehemu alivyokuwa."

Watu walipiga makofi. Hii ndiyo sehemu inayopendwa, mtani anapomwiga aliyekufa. Ila Hosea hakumjua Mama Salome. Hakuna aliyemjua, maana hakuwahi kuwapo. Angemwiga nani?

Alimwiga mwanamke pekee aliyemfahamu.

"Huyu mwanamke," alisema, akashuka kwenye jeneza, na Praxeda akasikia miguu yake ikiburuta ndara mchangani, wa kushoto ukiburuta zaidi kuliko wa kulia. Ule ulikuwa mwendo wake, Praxeda! Goti lake la kushoto lile! "Huyu mwanamke, ukimwona jikoni, utasema anapika. Thubutu! Anatawala. Ana mwiko, huo ni upanga. Ana sufuria, huyo ni waziri. 'Waziri! Nani amekula nyama ya mfalme?'"

Sauti ilikuwa ya Praxeda. Si ya mzaha, si ya kubana pua kama wanaume wanavyowaiga wanawake. Ilikuwa sauti yake hasa, na namna anavyomeza mwisho wa neno.

"'Malkia, nyama imeliwa na paka.' 'Mkateni kichwa!' 'Nani, malkia, paka?' 'Wewe!' Na huku maharage yanaungua, mume yuko barazani, njaa inamuuma, anasikia harufu, hathubutu kuingia. Ataingiaje? Kuna vita!"

Kicheko kilitikisa minazi. Bi Mwanakhamis aliangusha upawa.

"Yarabi, kama mie na marehemu bwana'ngu!" alipiga kelele.

Ndani ya jeneza Praxeda hakucheka. Alijua. Hosea alijua! Miaka yote alidhani anajificha vizuri, akifunga mlango wa jiko, akishusha sauti, akitoa maneno ya malkia na ya ombaomba na ya mama aliyefiwa, peke yake na moshi. Kumbe mwenzake alisimama nje akisikiliza, akashika hata majina ya mawaziri.

"Siku nyingine," Hosea aliendelea, na sauti yake ikashuka kidogo, "malkia anafiwa na mtoto. Analia. Analia mpaka moto unazimika. Mimi nimesimama dirishani, nasikiliza. Nasimama mpaka miguu inakufa ganzi. Halafu nagonga dirisha. Ngo, ngo. Ananyamaza. Ananiletea chakula, macho mekundu, anasema ni moshi."

Watu walicheka tena, lakini kidogo.

"Ndiyo nagonga! Ningefanyaje?" Hosea alisema. "Mtu analia jikoni kwako kila wiki. Anamlilia malkia, au anayalilia maisha uliyompa? Bora anyamaze, usije ukajua."

Hapo hakucheka mtu. Kamera ilikuwa inasikika ikivuma kwa mbali kama nzi.

"Huyu mzee ni hatari," Yakoub alinong'ona. "Nasra, karibu na uso. Karibu zaidi."

Praxeda alikuwa analia. Chozi lilitoka pembeni ya jicho, likaingia sikioni, na hakuweza kulifuta. Alitaka kuinuka amshike mabega mzee yule amtikise. Kwa nini hukusema? Kwa nini uligonga tu? Alimchukia, alimhurumia, na hewa ilikuwa inakwisha.

Aliyemwokoa ni Bi Mwanakhamis.

"Jamani, mpeni jogoo huyo baba, wali wangu unageuka uji! Kamateni yule wangu mwekundu pale gengeni. Sadaka, kwa ajili ya Salome!"

Jogoo aliletwa, akipiga kelele za kweli. Hosea akampokea, akambana kwapani, na mila ikawa imetimia. Akaja kuchukua koti lake.

Hewa! Praxeda aliinywa kwa pua kama maji ya kisima. Alihesabu kazi iliyobaki. Kifuniko kifunguliwe, waigizaji waliopangwa wapite kumuaga, Devota akiwa wa kwanza, kisha kifungwe. Hosea ameshapata jogoo wake. Mtani akishapewa haki yake huenda zake. Pantoni itakuwa imeshafika.

Nenda, mume wangu, aliomba. Nenda kapime presha.

"Jamani!" Devota alipaza sauti. Maneno hayo hayakuwamo kwenye filamu. "Mtani wetu ametufuta machozi. Basi yeye ndiye atangulie kumuaga dada. Fungueni!"

Nyoka!

Kifuniko kikanyanyuliwa. Mwanga ulimpiga kwenye kope, mwekundu na moto. Praxeda aliulegeza uso wake, kila mshipa. Alisikia ndara zikija. Alisikia jogoo akikoroma kwapani mwa mtu.

Ndara zikasimama.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha jogoo akaanguka chini puu, akapiga kelele, akakimbia, na umati ukacheka, maana walidhani utani ungali unaendelea. Kicheko kikafa chenyewe. Ukingo wa jeneza ulianza kutetemeka. Mtu alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

Pumzi ya Hosea ilikuwa inaingia na haitoki.

Presha, Praxeda aliwaza. Presha yake!

"Mama Blessing?"

Alimwita kwa jina la binti yao, kama anavyomwita kila alfajiri. Alimwita polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha.

"Mama Blessing. Amka."

Kitu cha moto kilidondoka shavuni kwa Praxeda. Hakuwahi kumwona Hosea akilia machozi ya kweli. Hakulia alipomzika mama yake, hakulia Blessing alipougua wakamkatia tamaa.

"Safi," Yakoub alinong'ona. "Safi kabisa, mzee. Usiache."

Ungefanya nini wewe? Usinijibu haraka. Ndoto yake yote ilikuwa kwenye kope zile mbili. Azifumbe tu, muda mfupi tu, na Jumatatu anaanza kuishi maisha ya Mama Salome mbele ya kamera, mapambo, taa, jina lake kwenye kioo. Azifumbue, na kila kitu kimevunjika. Lakini juu yake alisimama mzee anayemlilia, na moyo wa mzee huyo Praxeda aliujua ulivyo mbovu.

Alifumbua jicho moja. La kushoto, lililo mbali na kamera.

Wakatazamana.

Uso wa Hosea ulikuwa umejaa maji na hofu. Hofu ikaondoka taratibu. Ikaja mshangao. Macho yake yakazunguka, yakaona nyaya, yakaona kijana aliyechuchumaa na vifaa vya masikioni, yakaona unga mweupe uliopakwa kwenye shavu la mkewe, ambao chozi lake lilikuwa limeuchora mstari. Halafu kikaja kitu cha tatu usoni mwake, na hicho Praxeda, pamoja na kumsoma mtu huyu miaka mingi, alishindwa kukisoma.

Hosea aliinama zaidi. Mgongo wake mpana ukamkinga mkewe na kamera.

"Nani amekufundisha," alisema chini chini bila kusogeza mdomo, "maiti kufumbua macho?"

Praxeda akafumba.

Alikuwa amemsamehe? Alikuwa amemhukumu? Hakupata nafasi ya kufikiri, kwa sababu Hosea alinyooka na ile sauti ya mtani ikarudi, kubwa kuliko mwanzo.

"Nimemwona, Wazigua! Amekufa kweli! Nimemuuliza swali ameshindwa kunijibu, na Mzigua haachi kujibu mpaka roho itoke! Fungeni! Nani ana misumari?"

Misumari?

Hapakuwa na misumari kwenye filamu hii. Kifuniko kilikuwa kiwekwe tu juu. Lakini kati ya waombolezaji wa kweli alikuwamo fundi aliyeshuka kwenye paa la jirani kuja kuzika, nyundo bado iko kiunoni na misumari imejaa mfukoni. Kifuniko kilishuka. Msumari wa kwanza uliingia upande wa miguu, paa, paa, paa. Wa pili ubavuni.

"Simamisheni!" Yakoub alipiga kelele. "Kata! Basi, basi, tumemaliza!"

"Shikamoo mzee, tusogee," fundi alimwambia Hosea. "Wa kichwani bado."

"Nimesema simamisheni, kuna mtu humo!"

"Mwacheni kijana, ana uchungu," Bi Mwanakhamis alisema. "Njoo hapa mwanangu, kaa, unywe maji."

Jeneza liliruka. Mabega yalikuwa chini yake sasa, mabega ya watu wa Bweni waliozoea kuzika, na watu hao wakishabeba hawarudi nyuma. Hosea aliongoza. Alianzisha wimbo wa kanisa kwa sauti nzito, na waliojua waliitikia, na wasiojua waliguna. Walikuwa wanaelekea mwisho wa minazi, kwenye shimo lililochimbwa na watu wa Yakoub tangu jana. Shimo la kweli, lenye kina cha kweli, maana kijana alitaka udongo uonekane mbichi.

Hapo hata Devota aliogopa. Alikuwa ametaka aibu itokee, hakuwa ametaka hili.

"Hajafa!" alipiga kelele, akikimbilia mbele ya jeneza. "Jamani, hajafa! Yu hai! Ni filamu tu! Mfungulieni!"

Wanawake walimkamata mikono kwa upole, wakamfunga kanga kiunoni.

"Pole, mwanangu," walimwambia. "Pole. Sote husema hivyo."

Praxeda aligonga. Safari hii hakujali kamera, hakujali Jumatatu. Aligonga kwa ngumi. Wimbo ulikuwa mkubwa. Aliita, "Baba Blessing!" na sauti ikamrudia mwenyewe usoni. Jeneza lilikuwa limebanwa, mikono haikunjuki, na hewa, matundu yakiwa yamezibwa na mabega ya wabebaji, ilianza tena kuja robo robo. Akagonga tena.

Kisha kwenye ubao, karibu kabisa na sikio lake, mtu alimjibu kutoka nje.

Ngo, ngo.

Aliujua ugongaji huo. Aliusikia kwenye dirisha la jiko miaka yote ya ndoa yake, na kila uliposikika, alinyamaza.

Mkono wake ukashuka wenyewe, kwa mazoea. Akanyamaza.

Na jeneza likainama upande wa miguu. Walikuwa wameanza kulishusha shimoni.